Herufi za ukindu: tulivyosuka maandishi Tanga

Nianze na hili manake ndo kiini cha yote ntakayoyaandika hapa. Kwenye taipografia ya majaribio, yani kuunda na kupanga herufi kwa njia ambazo hazijazoeleka, jaribio linakuwa jaribio kweli pale ambapo kitu unachofanyia kazi kina uwezo wa kukukatalia. Ukikaa peke yako na laptopu kila kitu kinakubali, unavuta herufi inavutika, unaigeuza inageuka, unaivunja vipande inavunjika, alafu unasema umefanya majaribio. Mi naona hapo bado hujajaribu kitu, umechagua tu. Na vitu vinavyoweza kukukatalia mara nyingi vina mtu nyuma yake, mtu anayevijua kuliko wewe, kwaiyo kwangu mimi habari ya majaribio na habari ya kushirikiana zimeshakuwa habari moja na siwezi tena kuzitenganisha.

Nasoma grafiki dizaini, niko mwaka wa mwisho, na kwetu ni Tanga. Darasani tumepitishwa kwa watu wakubwa wa hii kazi, na nawaheshimu. Wolfgang Weingart alifundisha Basel kule Uswisi kuanzia 1968 na alikuwa anachukua filamu za uchapaji anazipanga tabaka juu ya tabaka mpaka ukurasa unakuwa na kina. H. N. Werkman alikuwa mchapaji Groningen, Uholanzi, akipaka wino kwa rola moja kwa moja kwenye karatasi, akitumia herufi za mbao kama maumbo tu, na Wanazi walimpiga risasi Aprili 1945 siku chache kabla mji wake haujakombolewa. Huyu Werkman alinikaa kichwani zaidi ya wengine wote kwa sababu moja, alijaribu na vilevile vitu vilivyokuwa tayari ndani ya karakana yake. Hakwenda kutafuta mbali. Alafu kuna Saki Mafundikwa wa Zimbabwe aliyeanzisha chuo cha usanifu Harare mwaka 1999 na kuandika kitabu kuhusu mifumo ya kuandika ya Afrika, yeye ndo aliyenifanya nijiulize sisi karakana yetu ina nini.

Tanga karakana yetu imejaa. Kuna kanga na jina lake pale chini, kuna madigadi ya bodaboda, kuna vyombo vya baharini pale ufukweni Deep Sea vimeandikwa majina kwenye omo, yani mbele ya chombo, kwa mkono wa mtu, na kuna mikeka. Mi nikachagua mikeka na vyombo.

Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa Tongoni, barabara ya Pangani, karibu na yale magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Anasuka ukili tangu msichana. Kwa ambaye hajawahi kuona inavyokwenda, makuti machanga ya mkindu yanakatwa yanaanikwa mpaka yanakuwa meupe, yanachanwa chane nyembamba, zile zinazotakiwa rangi zinachemshwa kwenye sufuria na rangi ya unga, ndo unasukwa ukili mrefu mwembamba, na kili zikitosha zinashonwa ubavu kwa ubavu unapata mkeka. Maneno tuliyochagua ni yale kila mtu wa Tanga anayajua, WAJA LEO WAONDOKA LEO. Yana herufi 18, na 10 kati ya hizo ni irabu, A ziko 4 na O ziko 4. Hii peke yake inakwambia kitu kuhusu Kiswahili kwenye ukurasa, kwamba macho yanakutana na A na O na I na U kila hatua, na maneno yanaishia na irabu, kwaiyo fonti ambayo A yake ina kasoro kidogo kwa Kiswahili ile kasoro utaiona kila mstari. Mi siku hizi nikipima fonti naanza na A, sio na ile sentensi ya Kiingereza yenye herufi zote, sisi Q na X tunazitumia wapi?

Sasa tuje kwenye ukili wenyewe, hapa ndo pana utamu wote. Chane kwenye ukili haziendi wima na mlalo, zinakwenda mshazari, zinatoka ukingo mmoja zinapanda mpaka ukingo wa pili zinakunja zinarudi. Kwaiyo kila kijichumba cha msuko ni almasi iliyosimama kwenye kona. Mwenzangu niliyefanya naye kazi, dada mmoja wa darasani kwetu mwenyeji wa Mbeya, mzuri sana wa programu na michoro inayotembea, alikuwa ametengeneza gridi kwenye kompyuta ya miraba ya kawaida na tukachora herufi zote humo, tukaenda nazo Tongoni. Shangazi akaziangalia, akaligeuza lile karatasi mpaka likasimama kwenye kona yake, akasema, "Mwanangu, mimi mkeka wangu unatazama hivi." Basi tukachora upya tukiwa tumekaa naye pale barazani.

Na ukishageuza gridi ikasimama kwenye kona, alfabeti nzima inapinduka. Herufi ambazo kwenye miraba ya kawaida zinasumbua ndo zinakuwa nyepesi. W ni mistari minne ya mshazari, unapachika chane ya rangi juu ya msuko inafuata njia ya chane iliyoko tayari, inashuka inapanda inashuka inapanda, imeisha. A bila kile kijiti cha katikati ni kupanda na kushuka. O inakuwa almasi safi kabisa. Ila mistari iliyosimama wima inakuwa kazi, kwa sababu almasi mbili zikikaa moja juu ya nyingine zinagusana kwa ncha tu, kwaiyo mguu wa K au wa N unatoka kama shanga zilizotungwa, na kila punje inataka chane yake peke yake. Alafu E na L na T na H, ambazo kwenye skrini ndo rahisi kuliko zote, ndo zinakuwa za mwisho kupatikana.

Shangazi akakataa kijiti cha A. Hakusema kibaya, alisema hakina haja, na nilipomuuliza mtu atajuaje kama ni A akaniambia, "Atajua tu, ziko nyingi." Nimekaa na hilo jibu sana. Ni kweli kabisa, herufi inayojirudia mara nyingi msomaji anaizoea haraka, ukishaiona ile ya kwanza kwenye WAJA ya pili unaisoma bila kufikiri, kwaiyo kadiri herufi inavyokuwa nyingi kwenye lugha ndivyo unavyoweza kuivua nguo zaidi. Sijawahi kusomeshwa hivo darasani.

E ndo iliyotuchukua muda. Mwenzangu akapendekeza tuitengeneze kwa mikunjo miwili inayofunguka kulia, mmoja juu ya mwingine, inakuwa kama tarakimu 3 iliyogeuzwa, mishazari mitupu hakuna mstari wima hata mmoja, na shangazi akaisuka palepale kwa mara moja. L tukailaza, mguu mrefu unateremka kutoka kushoto alafu kikono kifupi kinapanda kulia. Hapo ndo kukawa na maneno manake L ya namna hiyo na V ni ndugu, tofauti ni urefu wa mkono mmoja tu.

Nikamuonyesha shangazi kwenye simu kazi za Zuzana Licko. Huyu mama mwaka 1985 alitengeneza fonti za nukta kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh iliyokuwa imetoka mwaka mmoja nyuma, skrini yenyewe ilikuwa na nukta 512 kwa 342 tu, na badala ya kulazimisha herufi za zamani ziingie kwenye nukta chache yeye akaziuliza nukta zenyewe zinataka herufi gani. Shangazi alizitazama zile herufi muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole, akasema, "Huyu naye anasuka." Alafu akaongeza kwamba mkeka wake umelala chini, wetu umesimama kona. Mwenzangu na mimi tuliangaliana, manake kitu ambacho tungekiandikia kurasa za ripoti mtu keshakimaliza kwa sentensi mbili, na kakimaliza kwa sababu anakijua kwa vidole.

Kuna jambo lingine lilijitokeza lenyewe ambalo mtu yeyote anayepanga maandishi ya Kiswahili atalifurahia. Lugha yetu imejaa WA, kila watu wanapofanya kitu kuna wa, na W ikikaa karibu na A kwenye herufi kubwa huwa panabaki uwazi mbaya kama hukuzisogeza. Kwenye ukili uwazi haupo! Mstari wa mwisho wa W unapanda kulia, na mstari wa kwanza wa A nao unapanda kulia, kwaiyo vinakwenda sambamba, chane kwa chane, nafasi ni ileile kutoka chini mpaka juu. Gridi yenyewe imeshapanga. KW bado inataka jicho, na ng' yenye kile kialama chake juu ndo inataka jicho zaidi, kwa sababu kwa sisi kile kialama ni sehemu ya herufi lakini fonti nyingi zinakiachia nafasi utadhani neno limekatika. Sisi kwenye ukili tumekipa almasi moja tu iliyobanwa kwenye bega la G.

Nafasi kati ya herufi nilimpelekea mtu wa pili, mzee mmoja anayeandika majina ya vyombo Deep Sea. Kazi yake inasomwa na mtu aliye majini, chombo kinayumba, jua linapiga, na ubao wenyewe wa omo umejipinda, kwaiyo herufi za mbele lazima aziandike pana kidogo ili ukikiangalia chombo kwa ubavu zionekane sawa na za nyuma. Hapimi kwa rula. Anavuta uzi wenye chaki kupata mistari miwili, anaweka alama ya herufi ya katikati ya jina, alafu anatoka nayo kwenda pande zote mbili. Nikamtandikia ukili wetu mchangani akarudi nyuma, akaendelea kurudi nyuma mpaka karibu na maji, akafumba jicho moja. "LEO inasongamana kijana wangu, W yako inajidai." Akaelekeza WAONDOKA ipumzishwe kati ya O na N, na akasema L isiwe na mkono mrefu kiasi kile. Tulivorudi Tongoni shangazi alibishana na kila neno lake akiwa anayafanyia kazi, hawa wawili hawajawahi kuonana mpaka wakati huo, wanazungumza kupitia ukili.

Hapo kwenye J ndo hawakukubaliana. Shangazi anataka J ya mshazari, kikono kifupi kinashuka na mguu mrefu unapanda, wepesi kusuka. Mzee akasema ile ni alama ya vyema ya mwalimu, sio J, yeye anataka mguu uliosimama wima hata kama utakuwa wa punje punje. Mwenzangu alikuwa upande wa mzee, mimi upande wa shangazi.

Kwa hiyo tukaupeleka mtaani, Ngamiani, tukautundika ukutani kwenye kijiwe cha kahawa kwa ruhusa ya wenyewe, tukakaa tu. Nawaambia wanafunzi wenzangu wote, kaeni na kazi yenu pale ambapo hakuna anayekujua na hakuna anayelazimika kukusifia. Watu waliokuwa wanaujua huo msemo waliusoma bila kusimama, wengine waliumalizia kwa mdomo kabla macho hayajafika mwisho. Mtu aliyeanza na LEO peke yake akaisoma VEO. Tukajifunza kwamba maneno yanayojulikana yanaibeba herufi ngeni, unaweza kuivunja mbali sana na mtu bado anasoma, ila neno likiwa halitarajiwi herufi inabaki peke yake na lazima isimame kwa miguu yake. Tukajaribu na majina ya mitaa. MAKORORA ilisomeka hata kwa mbali, MABAWA pia. CHUMBAGENI ikawasimamisha watu, manake ina C, H, U na G, zote hazipendi mshazari. Kuanzia hapo tukakubaliana kwamba hizi herufi ni za majina na misemo na mapambo ya ukuta, mtu asije akaziwekea ratiba ya mabasi.

Wale wazee wa kijiwe ndo waliotupeleka kwenye kitu kingine, kuna mmoja aliuliza kwa nini hatukusuka kwa herufi za Kiarabu wakati ndo zilizokuwa za pwani. Na ana haki ya kuuliza. Mji huuhuu, mwanzoni mwa miaka ya 1900, shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa na mtambo wa kuchapa na gazeti la Kiongozi lilitoka hapo, Kiswahili kwa herufi za Kilatini, wakati watu wengi wa pwani waliojua kuandika walikuwa wanaandikiana barua kwa herufi za Kiarabu. Hata kanga za mwanzo zenye maneno ziliandikwa hivo. Kwaiyo mji wetu umeshaona mikono miwili ya kuandika na mi nilikuwa nashughulika na mmoja tu.

Shangazi hizo herufi anazijua tangu chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani, akasuka LEO kwa Kiarabu bila kuchorewa. Ilikuwa nzuri kupita maelezo. Ukili ni mrefu na mwembamba, na herufi za Kiarabu zinashikana na zinavutika, unaweza kuurefusha muunganiko kadiri unavyotaka ukajaza nafasi bila kuharibu neno, kitu ambacho herufi zetu za Kilatini haziwezi. Na nukta! Tangu zamani za Ibn Muqla, yule mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, khati ya Kiarabu, yani ule mwandiko wa sanaa, inapimwa kwa nukta ya kalamu, na nukta ya kalamu iliyokatwa mshazari ni almasi. Yani kipimo cha khati na kijichumba cha ukili vina umbo moja. Nilivomueleza mwenzangu alinyamaza kidogo akafungua laptopu, akaanza gridi mpya.

Sasa niseme la ushirikiano waziwazi maana naona linapitwa juujuu. Kabla chane ya kwanza haijachemshwa tuliandika karatasi. Shangazi analipwa kwa siku za kusuka kwa bei anayoitaja yeye, mzee vilevile kwa muda wake, majina yote manne yanakaa kwenye kazi kwa ukubwa mmoja, na fonti itakayotoka hapa ikiuzwa mgao ni wa watu wanne. Hela ya mwanzo tulichanga mimi na mwenzangu. Kuna tabia ya mwanafunzi kwenda kijijini, anapiga picha mikeka, anarudi chuoni anasema amepata msukumo kutoka kwa utamaduni, na mwenye mkono hatajwi hata kwa jina moja. Mimi siikubali hiyo na nitaendelea kuisema. Aliyeamua kwamba A haihitaji kijiti ni shangazi. Aliyeamua upana wa O na N ni mzee. Hayo ni maamuzi ya usanifu, ni yaleyale ambayo akiyafanya mtu wa Basel yanaingia kwenye historia ya fani.

Na kushirikiana sio kukubaliana, hili nalo watu wanalichanganya. Kilichotusaidia ni kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ambayo neno lake ndo la mwisho, kwenye msuko hakuna wa kumpinga shangazi, kwenye umbali na nafasi ni mzee, kwenye gridi ya kompyuta ni mwenzangu, na mimi kazi yangu ilikuwa kubeba kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine na kusema ukweli kilichosemwa upande wa pili, bila kulainisha. Mzee akisema W inajidai nafikisha kama ilivyo. Kama ningelainisha shangazi asingekuwa na cha kubishana nacho na ile herufi isingebadilika.

Hivi sasa mwenzangu anaichora fonti yenyewe kutoka kwenye kili. J zote mbili zimo ndani, ukiandika kawaida inatoka ya shangazi, ukitaka ya mzee unaichagua kwenye orodha ya maumbo mbadala. L imefupishwa mkono kama mzee alivotaka. Upande wa herufi za Kiarabu tunaenda polepole kwa sababu herufi nyingi zina sura ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho na ya kusimama peke yake, na shangazi anataka azisuke zote kwanza ndo zichorwe, hataki zichorwe kwanza. Herufi ndogo za Kilatini zitaanza akimaliza mkeka wa harusi aliopewa oda, na kwa vile g na y zina mkia unaoshuka chini ya mstari ameshasema ukili itabidi uongezwe chane, kwaiyo gridi yote ya mwenzangu inabadilika tena.